Mvua, Ukoo na Neno: Historia ya Kumtafakari Mungu Kilosa na Mikumi

Tafakari ya Kikristo juu ya Maandiko na tabia ya Mungu ilianza katika nchi ya Kilosa karibu na mwaka 1880, wamisionari wa Kianglikana wa chama cha CMS walipofungua kituo Mamboya, katika milima ya Ukaguru. Tangu hapo imeenea mpaka Berega, ikashuka Kilosa mjini kwenye kingo za mto Mkondoa, ikafuata reli na barabara hadi Kidodi, Vidunda na Mikumi. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wakaguru upande wa kaskazini, Wasagara katikati na Wavidunda kusini, pamoja na wafugaji Waparakuyo na watu wa makabila mengi walioletwa na mkonge, reli na miwa. Sehemu kubwa ya tafakari yao haikuandikwa. Ilifanyika katika darasa la ubatizo, katika mahubiri ya mwalimu wa kijiji, kwenye sala za matanga na katika ushuhuda wa mtu aliyesimama mbele ya wenzake kueleza Neno limemtendea nini. Anayetaka kuijua historia hiyo hana budi kufuata maswali ambayo maisha yaliwalazimisha watu kuyapeleka kwenye Kitabu, maana kila kizazi kilimwendea Mungu kupitia lile lililokikaba.

Kitabu hakikukuta watu wasiomjua Mungu. Wakaguru na jirani zao walimtaja Mulungu kuwa ndiye aliyeumba nchi na watu, asiyeonekana na asiyejengewa nyumba ya ibada. Shida za kila siku zilipelekwa kwa mizimu, yaani wazee wa ukoo waliotangulia. Kabla ya msimu wa kilimo, ukoo wenye ardhi ulikwenda makaburini, ukafyeka majani, ukamwaga pombe na unga, ukaomba mvua na uzima. Ng'ambo ya bonde la Mkata, katika milima ya Uluguru, pango la Kolelo lilipokea watu waliotoka mbali kuomba mvua, na jina la Kolelo lilivuma tena wakati wa Maji Maji mwaka 1905, vita vilivyofika mpaka Uvidunda. Ndani ya desturi hizo mlikuwa na fundisho kamili: Mungu ni chanzo cha vyote, lakini njia ya kumfikia hupitia kwa waliozaa na kufa, tena ardhi huchafuliwa na maovu ya watu na hupona kwa kutakaswa. Wengi wa wamisionari wa mwanzo waliona hapo ushirikina mtupu. Hasara yake ilikuwa kubwa, kwa sababu maswali waliyoulizwa darasani yalitoka katika fundisho hilo hilo ambalo hawakulichunguza.

Mamboya ilichaguliwa kwa sababu ya njia. Mwaka 1877 Alexander Mackay alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili misafara ya CMS iende Buganda, na Mamboya, yenye hewa ya milimani, ikawa mahali pa kupumzikia. James Hannington alipita huko mwaka 1882, miaka mitatu kabla ya kuuawa Busoga akiwa askofu. Lakini njia hiyo haikuwa ya wahubiri peke yao. Kwa miaka mingi misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikatiza Usagara na Ukaguru, na mtawala wa Mamboya, Senyagwa Chimola, alijijengea nguvu kwa kushirikiana na wafanyabiashara wa pwani. Watu waliomsikiliza Joseph Last, mmisionari aliyeanzisha kituo hicho, walikuwa wameiona minyororo kwa macho yao.

Ndiyo maana sura ya kwanza ya Mungu wa Maandiko iliyoeleweka upesi ni ile ya Mkombozi. Katika nchi hizo, kumkomboa mtu kulikuwa kazi ya ukoo. Aliyetekwa, au aliyewekwa rehani kwa deni au kwa njaa, alingoja ndugu zake wachange mali na kumrudisha. Asiye na ukoo hakuwa na wa kumngoja. Msikilizaji wa namna hiyo alipofika kwenye habari ya Waisraeli kutolewa Misri, au kwenye waraka wa kwanza wa Petro unaofundisha kwamba bei ya ukombozi haikuwa fedha wala dhahabu, hakuhitaji kuelezwa kukombolewa ni nini. Jipya kwake lilikuwa hili: Mungu, aliyekuwa mbali, ameshika nafasi ya ndugu. Hata Agano Jipya lenyewe kwa Kiswahili lilikuwa na harufu ya habari hiyo. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, alilikamilisha Zanzibar mwaka 1879, kwenye misheni ambayo vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa waliendesha mtambo wa kuchapia vitabu, na kanisa kuu lake lilijengwa penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891.

Wakatoliki nao walikuwa safarini. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ya Mhonda katika Unguu mwaka 1877, kisha wakasogea Morogoro na Usagara. Kwao mwamini wa kawaida alikutana na Maandiko kwa njia nyingine: katekisimu iliyokaririwa, picha za ukutani, mwaka wa liturujia na sakramenti. Katekista ndiye aliyekuwa kitabu chake. Tofauti hiyo ilizaa tabia mbili za kutafakari ambazo bado zinaonekana Kilosa. Mwanglikana alizoea kumtafuta Mungu katika aya, akiishika sura na mstari kwa moyo. Mkatoliki alizoea kumtafuta katika siku, kwa kuwa Majilio, Kwaresima na sikukuu za watakatifu zilimpangia mwaka mzima wa kukaa na Bwana. Ushindani wa misheni hizo mbili juu ya vijiji ulikuwa mkali, na ulileta uchungu usiokuwa wa lazima.

Last aliamini kwamba Neno lingeshika mizizi kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 1885 alichapisha mkusanyo wa misamiati ya lugha za Afrika Mashariki, na mwaka 1886 sarufi ya Kikaguru, na sehemu za Injili zilipatikana kwa Kikaguru kabla karne haijaisha. Kazi hiyo haikuendelea mbali. Wajerumani, ambao mwaka 1884 walipitia Usagara kwa mikataba ya Carl Peters, walitawala kwa Kiswahili na kufundisha kwa Kiswahili. Reli ilifika Kilosa mwaka 1909, mashamba ya mkonge yakafunguliwa Kimamba na Rudewa, na vibarua wakaja kutoka kila upande. Tangu hapo Biblia ya nchi hiyo imekuwa ya Kiswahili: ile ya Unguja kwanza, kisha, kwa baadhi ya Walutheri, ile ya Karl Roehl ya mwaka 1937, na tangu mwaka 1952 Toleo la Muungano ambalo mpaka leo ndilo husikika zaidi mimbarani. Mtu alimwomba Mungu kwa lugha ya darasani na akaomboleza kwa lugha ya mama. Kwa wengi sala ya Kiswahili ilikuwa na heshima ya pekee kwa sababu hiyo, lakini pia ilibaki kitambo kirefu bila kugusa mambo ya ndani ya nyumba.

Na ndani ya nyumba ndimo lilimokaa swali zito kuliko yote, swali la Mungu aliye Baba. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, kama Waluguru, Wakutu, Wazigua na Wanguu, huhesabu ukoo kwa mama, na mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliwaeleza pamoja katika kitabu cha mwaka 1967 kwa sababu hiyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye kauli juu yake katika kesi, katika ndoa na katika urithi ni mjomba. Baba hulea, hulima, hupenda, hutoa mfano wa kazi; lakini akifa, kwa kawaida cheo chake na mali yake huwaendea wapwa, wana wa dada yake, si watoto aliowazaa. Upendo wa baba unajulikana na wote, ila ni upendo usio na nguvu ya kudai.

Wahubiri waliotoka Ulaya walimfikiria baba kuwa mwenye nyumba, mwenye mali, mtoa amri. Walipohubiri kwamba Mungu ni Baba walikusudia mamlaka kwanza na wema baadaye. Kwa msikilizaji wa Mamboya au Kidodi mpangilio uligeuka. Mamlaka alikuwa ameshayaona kwa mjomba. Kwa baba aliona mtu anayempa mtoto mapenzi bila kupata ukoo. Hapana shaka kwamba msikilizaji huyo alikuwa karibu zaidi na nabii Hosea kuliko mhubiri wake. Sura ya 11 ya Hosea inamwonyesha Mungu akimfundisha mtoto kutembea, akimshika mikono, kisha akikataa kumwacha ingawa mtoto amemwasi. Huyo ni baba wa Kikaguru kabisa, ambaye hana la kumfunga mtoto kwake isipokuwa upendo wenyewe. Isaya naye, katika sura ya 49 na ya 66, anaulinganisha upendo wa Mungu na wa mama anayenyonyesha, na mahali ambapo ukoo ni mama, maneno hayo yana uzito ambao mafafanuzi mengi ya Kizungu hayakuufikia.

Mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15 ulisikika kwa namna ya pekee. Wasomaji wengi duniani hushangazwa na baba anayemkimbilia mwana aliyeharibu mali. Katika ukoo wa mama mshangao huanza mapema zaidi, pale baba anapowagawia wanawe urithi. Mali hiyo ingepaswa kusubiriwa na wapwa. Baba wa mfano huo amevunja desturi kabla mwana hajaivunja. Neema imetangulia dhambi. Vivyo hivyo fundisho la Paulo katika Warumi 8 na Wagalatia 4, kwamba waaminio wamefanywa wana na kwa hiyo ni warithi, linasikika kuwa jambo la ajabu kweli kweli. Mahali pengine mwana kurithi ni kawaida, na fundisho hupita kama maji juu ya jiwe. Hapa mwana kumrithi baba ni zawadi ambayo hakuna sheria ingempa.

Habari za kuzaliwa kwa Yesu nazo zilileta fikira ambazo wamisionari hawakuzitarajia. Orodha za vizazi katika Mathayo na Luka zinapitia kwa Yosefu, na tangu zamani wasomi wa Kanisa wamehangaika kueleza zinamhusuje mtu asiyezaliwa na Yosefu. Katika nchi ya Kilosa ugumu uko kwingine: kwa nini kuhesabu upande wa baba kabisa? Mwana wa Mariamu ana ukoo kamili, ukoo wa mama yake, na ziara ya Mariamu kwa jamaa yake Elisabeti ni ziara ya ndugu wa damu. Heshima ya Wakatoliki kwa Mama wa Mungu ilipata hapo udongo wenye rutuba. Hata Labani, mjomba wa Yakobo aliyemtumikisha mpwa wake miaka 14 kwa ajili ya wake, ni mtu ambaye hakuna msomaji wa Kilosa anayehitaji kufafanuliwa tabia yake.

Fundisho hilo halikubaki la maneno. Misheni zilihimiza nyumba ya mume, mke na watoto wao, na baba Mkristo aliyejenga nyumba ya matofali au kupanda miti ya matunda alianza kutaka iwaendee wanawe. Wajomba na wapwa walipinga. Kumwita Mungu Baba kukawa na matokeo katika mabaraza ya wazee na baadaye mahakamani. Hapo Kanisa halikuwa na hekima ya kutosha. Lilitetea haki ya watoto, jambo jema, lakini mara nyingi lilimwacha mjomba nje ya mahubiri, kana kwamba wema wake wa kulinda wajane na yatima wa ukoo haukuwa na asili yake kwa Mungu.

Mvua ilileta mtihani mwingine. Kilosa ina miaka ya neema na miaka ya ukame, hasa upande wa Gairo na nyanda za juu zinazoelekea Ugogo. Kwa desturi, mvua ikigoma watu hutafuta aliyeichafua nchi: aliyevunja mwiko, mchawi, au ukoo uliosahau makaburi. Mkristo aliyealikwa kwenye tambiko alikuwa katika njia panda. Akienda, alitengwa na meza ya Bwana. Asipokwenda, ndugu walimwona kuwa adui wa mvua ya watu wote. Walimu wa dini walijibu kwa habari ya Eliya na ukame katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, na kwa sala za kuomba mvua zilizomo katika kitabu cha sala cha Kianglikana. Jibu la kina zaidi lilikuwa katika Mahubiri ya Mlimani, Mathayo 5, ambako Yesu anafundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Aya hiyo husomwa mara nyingi kama mawaidha ya kuwapenda adui. Katika nchi ya kutafuta mchawi wa mvua ina ukali mkubwa zaidi, kwa kuwa inamtenga Mungu na hesabu ya hatia na inamwondolea mnyonge, hasa mwanamke mzee asiye na mtetezi, lawama ya mawingu. Makanisa hayakulifuata fundisho hilo kila mara, na hofu ya uchawi iliendelea hata kati ya waumini.

Vita ya Kwanza ya Dunia iliwaondoa wamisionari Waingereza, waliofungwa na Wajerumani mpaka Tabora ilipotekwa mwaka 1916, mwaka ule ule majeshi ya Uingereza yalipoingia Kilosa. Baadhi ya walimu Waafrika wa misheni hizo walishukiwa kuwa wapelelezi, wakakamatwa na kuteswa. Waliobaki vijijini waliendesha ibada peke yao. Baada ya vita CMS ya London ilikosa fedha, na kazi ikachukuliwa na Waaustralia chini ya Askofu George Chambers, wa kwanza wa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, iliyoundwa mwaka 1927. Katika miaka hiyo yote mzigo wa kufafanua Maandiko ulibebwa na mwalimu wa kijiji, mtu wa mshahara mdogo, aliyesomea miaka michache tu, ambaye shule yake ilikuwa kanisa siku ya Jumapili. Historia nyingi za misheni huwataja maaskofu na madaktari, na walimu hawa huwaweka katika picha za pamoja bila majina. Haki inadai kusemwa kwamba bila wao Neno lisingefika ng'ambo ya uzio wa misheni.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda katika miaka ya 1930, ulifika Tanganyika kupitia Katoke, upande wa Bukoba, mwaka 1939, na katika miaka ya 1940 ukaingia Ugogo na Ukaguru. Festo Kivengere, mtu wa Kigezi nchini Uganda, alifundisha shule Dodoma mpaka mwaka 1959 na alikuwa mmoja wa watu walioueneza. Kwa Wakristo wa Berega na Mamboya uamsho huu ulibadili namna ya kusoma. Zamani aya ilikuwa ya kujibu swali la mwalimu. Sasa ilikuwa ya kujibiwa na mtu mwenyewe. Ndugu waliookoka walikutana kila wiki, wakasoma kifungu kifupi, kisha mmoja baada ya mwingine akasimama kuungama: wizi, uzinzi, chuki kwa jirani, hirizi iliyofichwa paani. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 1, ndio uliowaongoza: kutembea nuruni ni kuwa wazi mbele ya Mungu na mbele ya ndugu.

Sura ya Mungu iliyojitokeza humo ilikuwa ya aliye karibu, anayeona na anayesamehe leo, si siku ya hukumu peke yake. Wanawake waliopewa nafasi ndogo barazani walishuhudia kwa sauti moja na wanaume. Wakaguru na Wagogo, Mwafrika na Mzungu, walipigiana magoti na kuombana radhi, jambo ambalo utawala wa kikoloni haukuwa umelifundisha. Beidelman, aliyeishi Ukaguru miaka ya 1957 na 1958 na baadaye akaandika kitabu juu ya misheni ya CMS mwaka 1982, aliona pia upande wa pili: ndugu waliookoka waliwahukumu Wakristo wenzao kuwa vuguvugu, na ungamo la hadharani lilivunja siri za ndoa na za ukoo. Tathmini yake juu ya misheni ni kali na sehemu kubwa ina ushahidi. Hata hivyo kitabu chake kinaeleza taasisi vizuri kuliko kinavyoeleza imani, na mtu anayetaka kujua waamini walimwonaje Mungu atakisoma akiwa na njaa.

Miongoni mwa waliotoka katika kizazi hicho ni Yohana Omari, aliyewekwa wakfu Namirembe, Kampala, mwaka 1955 na kuwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kuwa askofu wa Kianglikana. Mwaka 1965 ikaundwa Dayosisi ya Morogoro, inayojumuisha Kilosa, chini ya Askofu Gresford Chitemo. Mwaka uliofuata Adriani Mkoba akawa askofu Mkatoliki wa Morogoro. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa mwaka 1962 hadi 1965, ulikuwa umeifungulia misa lugha za watu na kuwahimiza Wakatoliki kusoma Biblia wenyewe. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao, na vijiji vya ujamaa, vilivyowakusanya watu kutoka mabondeni na milimani, viliwapa majirani wa kusoma nao. Injili ya Jumapili ikawa inajadiliwa nyumbani kwa mtu, katikati ya wiki, na mama wa nyumba akiwa na neno sawa na katekista.

Jambo moja la Kilosa lililowafundisha Wakristo mengi ni ujirani na Waislamu. Dini ya Kiislamu ilipanda na misafara, na mjini Kilosa, Kimamba na vijiji vingi vya Usagara ilikuwa na wafuasi kabla ya Ukristo. Ndoa, misiba na utani huwachanganya watu wa dini hizo kila wiki. Mkristo aliyekaa hapo hakuweza kuukariri Utatu bila kufikiri, kwa sababu jirani alimwuliza waziwazi kama anaabudu Mungu mmoja au watatu, na kama Mungu anazaa. Majibu ya nguvu yalitoka katika Yohana 1, ambako Neno alikuwapo kwa Mungu tangu mwanzo kabla ya habari yoyote ya kuzaliwa kwa mwili. Mwana, kwa msomaji huyo, ni Neno la Mungu lisilotengana naye, na swali la kuzaa kwa kibinadamu linakosa mahali. Wakati wa mihadhara ya hadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Wakristo na Waislamu waliposhindana kwa Biblia na Kurani viwanjani katika miji mingi ya Tanzania, hoja hizo zilipigiwa kelele. Ziliwahi kufanyiwa kazi bora zaidi barazani, na watu waliojua kwamba kesho watazikana.

Mikumi ina historia fupi. Mji umekua na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na tawi la reli la Kilosa hadi Kidatu, na Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Viwanda vya sukari vya Kilombero, vya miaka ya 1960, vilivuta watu wengi zaidi kupita hapo. Mvidunda, Mpogoro, Mhehe na Mluguru walijikuta benchi moja kanisani bila ukoo wa kuwaunganisha, na kwa hiyo Kanisa lenyewe likalazimika kuwa ukoo: Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wasabato na Wapentekoste. Walutheri wa Dayosisi ya Morogoro walipata pia waumini wengi kati ya Waparakuyo na Wamasai, watu ambao jina la Mungu na jina la mvua kwao ni moja, na aliyewahi kuwa askofu wao, Jacob Ole Mameo, ni Mmasai.

Kuishi kando ya hifadhi kuna Maandiko yake. Ayubu sura ya 38 hadi 41 inamweka mwanadamu mbele ya simba, punda mwitu, tai na mnyama mkubwa wa mtoni ambaye wengi wamemtambua kuwa kiboko, na kumwuliza kama ni yeye anayewalisha. Zaburi ya 104 inawataja simba wakiomba chakula chao kwa Mungu usiku. Kwa mkulima wa pembezoni mwa Mikumi ambaye tembo wamemaliza mahindi yake kwa usiku mmoja, sura hizo si mapambo ya mazingira. Zinamfundisha jambo gumu, kwamba Mungu ana viumbe ambao hakuwaumba kwa faida ya mtu, na kwamba utunzaji wake ni mpana kuliko shamba la mwamini. Ayubu hakupewa sababu ya mateso yake, alionyeshwa ulimwengu.

Swali hilo hilo lilirudi Kilosa kwa maji. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliufanya Mkondoa uvunje kingo, ukasomba nyumba, ukakata reli, na maelfu ya watu wakaishi katika mahema. Mahubiri ya siku kama hizo huwa na kishawishi cha kuanza na gharika ya Nuhu, na kuisoma gharika kama hukumu ni kurudia hesabu ya zamani ya aliyeichafua nchi. Luka 13 inaifunga njia hiyo. Yesu mwenyewe aliwataja watu walioangukiwa na mnara wa Siloamu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Zaburi ya 69, sala ya mtu ambaye maji yamemfika shingoni, haitoi sababu ya maji. Inatoa maneno ya kumlilia Mungu, na ndiyo kazi ambayo sala ilifanya mahemani.

Upande wa mizimu, ambao misheni ziliuacha bila jibu, umeshughulikiwa na wanateolojia wa Tanzania wenyewe. Padri Charles Nyamiti, mzaliwa wa Tabora, alichapisha mwaka 1984 kitabu kinachomfafanua Kristo kuwa Mhenga wetu, ndugu aliyekufa na anayeishi, aliye mpatanishi kati ya walio hai na Mungu. Hoja yake inaufaa Ukaguru kuliko alivyoweza kukusudia. Fundisho la kale lilikuwa limesema kwamba njia ya kumfikia Mulungu hupitia kwa aliyetangulia. Waraka kwa Waebrania unasema vivyo hivyo, ukimtaja mmoja, na katika sura ya 12 unawazungushia waaminio kundi kubwa la mashahidi waliokufa katika imani. Wachungaji wengi bado wanaogopa kulihubiri hilo makaburini, wasije wakaonekana wanarudisha tambiko, na familia nyingi bado zinafyeka makaburi kabla ya kilimo, kisha zinaomba kwa jina la Yesu.

Katika miongo ya karibuni kazi aliyoianza Last imerudi. Maandiko yanatafsiriwa kwa lugha za mkoa wa Morogoro, Kikaguru na Kividunda zikiwamo, na sura zilizotafsiriwa husomwa kwa sauti mbele ya wazee ili wasahihishe. Zinatoka wakati ambapo watoto wengi wa Kilosa na Mikumi wanazungumza Kiswahili tangu nyumbani na vijana wanasoma Biblia kwenye simu. Wasomaji wake wa kwanza kwa hiyo ni wazee, hasa wale waliojifunza sala kwa Kiswahili darasani na ambao Mulungu walimsikia kwanza kwa bibi zao.